Ng'ombe analivuta gari, gari linamvuta ng'ombe: sasa nani anakwenda?

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa Kidato cha Pili, Wete, Pemba. Nimelifupisha kidogo tu.

"Assalamu alaykum maalim. Skuli tumefundishwa kwamba kitu kikishakuwa kwenye mwendo kitaendelea kwenda hata kikiachwa kusukumwa. Lakini babu yangu ana gari la ng'ombe la kuchukulia mchanga na matofali, na mimi humsaidia siku za mapumziko. Ng'ombe akisimama tu, gari nalo linasimama pale pale. Tena tumeambiwa ng'ombe akilivuta gari, na gari linamvuta ng'ombe nyuma kwa nguvu ile ile. Kama zinalingana si zinafutana? Mbona gari linakwenda? Nimeambiwa nikariri tu, mtihani huwa unaliuliza. Nimekariri, lakini sijaamini."

Waalaykumu salaam, mwanangu. Umefanya vyema kukataa. Kukariri usichokiamini ni kununua samaki bila ya kumfunua mashavu: huenda ni mbichi, huenda keshaoza, na wewe mnunuzi hujui umebeba nini.

Kwanza nikutoe unyonge. Ulichokiona wewe nyuma ya gari la babu yako ndicho alichokiona Aristotle kule Ugiriki, zaidi ya miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Naye alisema kitu hakiendi ila kwa msukumaji, na msukumaji akiacha, mwendo umekwisha. Watu wenye akili nyingi walikubali hivyo kwa karibu miaka 2,000. Waliosita walikuwapo. Ibn Sina, ambaye huku kwetu hutajwa zaidi kwenye habari za tiba (alizaliwa mwaka 980, akafa 1037), aliandika kwamba kitu kinaporushwa hupewa mwelemeo, kwa Kiarabu mayl, na kwamba mwelemeo huo haujifii wenyewe. Humalizwa na vinavyoupinga kutoka nje, kama hewa. Pasipo na kipingamizi, hakuona sababu ya kitu kile kusimama. Miaka 600 baadaye Galileo wa Italia akalifikia jambo hilo kwa majaribio, na mwaka 1687 Isaac Newton wa Uingereza akaliweka kuwa kanuni ya kwanza kati ya zake tatu. Kwa hiyo usijione mzito wa kuelewa. Unashindana na kitu kilichowashinda wakubwa.

Ila mimi nadhani kinachokuzuia zaidi si Aristotle. Ni neno nguvu.

Sikiliza tunavyolitumia. Barobaro yule ana nguvu. Betri imeisha nguvu. Dawa imepoteza nguvu. Shuti lilikuwa na nguvu, kipa akashindwa. Neno moja linafanya kazi ya maneno manne au matano ya fizikia, na kote humo limebeba picha moja: nguvu ni kitu kinachotiwa ndani ya kitu, mfano wa mafuta ndani ya tangi, kinatumika kidogo kidogo, na kikimalizika, safari imekwisha. Ukiingia darasani na picha hiyo, somo zima la mwendo litakukataa. Ndiyo maana baadhi ya vitabu vya Kiswahili vimechukua neno kani kwa hii nguvu ya fizikia, ili kuitenga na zile nyengine. Mimi hapa nitaendelea kusema nguvu, kwa sababu ndilo neno ulilouliza nalo, lakini kwa sharti.

Sharti lenyewe ni kwamba nguvu haimilikiwi. Hakuna kitu chenye nguvu ndani yake. Nguvu ni kusukuma au kuvuta, na kusukuma kunataka wawili, anayesukuma na anayesukumwa. Kila utakapoliandika neno hilo kwenye daftari, andika pembeni yake inatoka kwa nani na inampata nani. Mguu unausukuma mpira. Dunia inaivuta nazi. Barabara inaisugua tairi. Ukishindwa kumtaja mtoaji, futa. Nguvu hiyo haipo.

Tuanze na mpira. Umeupiga, umetoka mguuni, uko hewani unaelekea golini. Taja nguvu zinazoupata. Dunia inauvuta chini. Hewa inaupinga. Nyengine? Wanafunzi wengi huandika "nguvu ya teke". Mtoaji ni nani? Mguu umebaki nyuma hatua ishirini, hauugusi tena. Basi futa. Hakuna kinachousukuma mpira kwenda mbele, na bado unakwenda mbele. Ulichonacho mpira ni mwendo, na mwendo hauhitaji mlishaji.

Au panda daladala ya Konde, dereva akafunga breki ghafla kwa ajili ya mbuzi. Unaruka mbele mpaka unamkumbatia utingo. Nani kakusukuma? Tafuta ubavuni, tafuta nyuma, hutamwona. Breki zimelipunguza gari. Wewe hukuwa umeshika chuma, hakuna aliyekupunguza, basi umeendelea na mwendo wako ule ule mpaka kifua cha utingo kikakusimamisha. Yeye ndiye mtoaji wa nguvu ya kwanza iliyoubadili mwendo wako katika kisa kile, na nguvu yenyewe ilikwenda nyuma, si mbele.

Sasa turudi kwa babu yako. Umesema ng'ombe akisimama na gari linasimama. Hebu litazame vizuri gari lenyewe. Ile miti miwili ya mbavuni imefungwa kwa ng'ombe. Ng'ombe anaposimama hajaliacha gari liende. Amekuwa breki yake. Ukitaka kujua, mchunguze babu yako kwenye mteremko, na Pemba miteremko hamkunyimwa. Je, anamwachia ng'ombe ateremke na mzigo kwa raha zake? Anashuka, analizuia kwa mikono, maana anajua gari litamsukuma mnyama kwa nyuma. Gari lisilotaka kwenda bila ya kuvutwa lingemsukuma mtu vipi?

Utasema basi tumfungue ng'ombe kwenye tambarare, tulisukume gari sisi wenyewe kisha tuliache. Litasimama vile vile karibu. Ni kweli, na nitakupa hesabu yake hapo mbele. Lakini swali la fizikia ni hili: limesimama lenyewe, au limesimamishwa? Tairi imelegea, inabonyea kila inapozunguka. Ekseli haijaonja grisi tangu mwaka jana. Njia ni ya mchanga na vijiwe. Hao ndio watoaji, wote wanavuta nyuma. Sisi tumewazoea mno hata hatuwaoni, tukadhani kusimama ndiyo asili ya gari.

Wanaolijua jambo hili bila ya kufundishwa ni wacheza keram. Nenda barazani jioni, ubao ukiwa mkavu bila poda. Piga kete, itakufia katikati. Sasa nyunyiza poda, piga kwa kidole kile kile, kwa mpigo ule ule. Kete inagonga ukuta, inarudi, inagonga wa pili. Poda haikuisukuma kete hata kidogo. Imempunguza mpinzani tu, yaani msuguano baina ya kete na ubao. Endelea kichwani: poda nzuri zaidi, ubao laini zaidi, kete inafika mbali zaidi. Mpinzani akiondoka kabisa, itasimama wapi? Hutapata pa kuiweka. Kanuni ya kwanza ya Newton ndiyo hiyo, na hapakuhitajika maabara.

Galileo alipita njia iyo hiyo kwa kubingirisha tufe kwenye miteremko, nawe wa Wete una bahati, maana jaribio lake unalifanya kila ukipanda baskeli. Unaachia juu ya kilima, hupigi pedali, unateremka hadi bondeni na baskeli inapanda upande wa pili mpaka karibu kimo ulichoanzia. Ekseli zikiwa na mafuta, inakaribia zaidi. Galileo akauliza: upande wa pili ukilazwa kidogo, kimo kile kitapatikana mbali zaidi. Ukilazwa zaidi, mbali zaidi. Ukilazwa kabisa ukawa tambarare, kimo hakitapatikana kamwe, basi tufe litasimamia wapi? Sisi Waunguja, ambao kisiwa chetu ni bapa, tungelazimika kujenga mlima kwanza.

Na pwani, muulize nahodha yeyote lini anashusha tanga. Hashushi alipofika. Hushusha dau likiwa bado liko mbali na ufukwe, na chombo kinateleza chenyewe mpaka kinapanda mchangani. Mwenye jahazi lililosheheni hushusha mapema zaidi kuliko mwenye ngarawa, kwa sababu chombo kizito kinakawia kutulia kama kilivyokawia kuondoka. Hili la mwisho vitabu vinaliita inesha: ugumu wa kitu kubadilishwa mwendo wake. Hupimwa kwa tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo, kwa kilo. Bwana anayesema mwendo hauendi bila ya nguvu, mpe dau aingie nalo gatini na tanga liko juu.

Kama unataka mahali ambapo mpinzani kaondolewa karibu kabisa, ni anga za mbali. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha chombo cha anga, Voyager 1. Maroketi yakakipa kasi siku za mwanzo, kisha mvutano wa sayari ya Mshtarii na ya Zohali ukakiongezea njiani. Leo kiko nje mno ya sayari zote, kinakwenda karibu kilomita 17 kwa kila sekunde, na hakuna injini inayokisukuma mbele. Kiswahili hakikukosea kukiita chombo. Ni dau lililoshushwa tanga ambalo halijaona ufukwe.

Basi nguvu ina kazi gani, kama si kuendeleza mwendo? Kuubadilisha. Kuuanzisha, kuukuza, kuupunguza, kuupinda. Na inayohesabiwa ni ile inayobaki baada ya kujumlisha zote zinazokipata kitu kimoja, za mbele ukizitoa za nyuma. Ikibaki sifuri, kitu kinabaki na hali yake: kilichotulia kinatulia, kinachokwenda kinakwenda kwa kasi ile ile na mstari ule ule. Dau likiwa na kaskazi nzuri halizidi mbio mpaka jioni. Linaongeza kasi, lakini maji nayo yanazidi kulipinga kadiri linavyokimbia, mpaka msukumo wa upepo kwenye tanga na upinzani wa maji vinalingana. Hapo jumla ni sifuri na kasi haibadiliki. Ukiwa ndani ya chombo unahisi upepo unafanya kazi kubwa, na unafanya kweli, lakini kazi yenyewe ni kumjibu mpinzani tu.

Sasa nusu ya pili ya swali lako, ndiyo ninayoipenda.

Newton alisema, kwa kanuni yake ya tatu, kwamba kitu kikikisukuma chengine, chengine nacho kinakisukuma cha kwanza kwa nguvu iliyo sawa na kwa upande wa kinyume. Vitabu vinaziita tendo na mjibizo, majina yanayopotosha, kwani yanakufanya udhani moja inatangulia na nyengine inajibu, kama salamu. Hakuna inayotangulia. Zinazaliwa pamoja, zinakufa pamoja. Kiswahili chetu kina kitu bora zaidi cha kulieleza hili: ile -ana mwishoni mwa kitenzi. Gusana, sukumana, vutana, gongana. Huwezi kukigusa kiti bila ya wewe na kiti kugusana. Vivyo hivyo huwezi kukisukuma kitu bila ya kusukumana nacho. Katika maisha twaweza kusema "nilimsukuma, yeye hakunisukuma". Katika fizikia sentensi hiyo ni uongo. Vitenzi vyote vya nguvu vina -ana, ila mdomo unaimeza.

Mshika upondo anaijua. Maji yakiwa haba kwenye mkoko, mvuvi anasimama tezini, anachomeka upondo chini na kuisukuma ardhi nyuma. Ngarawa inakwenda mbele. Lakini yeye kasukuma nyuma! Kilichoipeleka ngarawa mbele ni ardhi, iliyousukuma upondo nao ukamsukuma mvuvi na chombo chake. Sasa mwambie aache ardhi, asukume mlingoti wa ngarawa ile ile aliyosimamia. Asukume mpaka atoke jasho, hawendi popote. Huku pia kuna nguvu mbili sawa na kinyume, mikono kwa mlingoti na mlingoti kwa mikono, lakini zote mbili ziko ndani ya chombo kimoja. Hizo kweli zinafutana. Zile za upondo hazifutani, kwa sababu moja imempata mvuvi na ya pili imeipata ardhi.

Na hapa ndipo fundo la ng'ombe wako linapofunguka. Nguvu mbili haziwezi kufutana kama zimewapata watu wawili tofauti. Ukinipa mimi shilingi elfu na jirani yako akanyang'anywa elfu, mfuko wangu haujarudi sifuri. Kujumlisha na kutoa ni kwa mfuko mmoja. Ng'ombe analivuta gari: nguvu hiyo iandike kwenye mfuko wa gari. Gari linamvuta ng'ombe: hiyo iandike kwenye mfuko wa ng'ombe. Usizichanganye.

Tufungue mifuko hiyo kwa tarakimu. Nitazichagua mwenyewe zikae vizuri kwenye hesabu, hazijapimwa kwa babu yako. Ng'ombe kilo 300. Gari na mchanga wake kilo 500. Wapinzani wa gari, yaani ekseli, tairi na njia, jumla nyutoni 200. Nyutoni ni kipimo cha nguvu, na moja ni ndogo. Weka ndimu mbili za kiasi kiganjani, unavyohisi uzito wake ndiyo nyutoni moja kwa makadirio.

Ng'ombe anaanza. Anainama, anakaza kwato, anaisukuma ardhi nyuma kwa nyutoni 600. Ardhi nayo inamsukuma mbele kwa 600. Fungua mfuko wa gari: kamba na miti vinalivuta mbele kwa nyutoni 450, wapinzani wanalivuta nyuma kwa 200. Inabaki 250 mbele. Kilo 500 zikipewa nyutoni 250, kila sekunde zinaongeza kasi ya nusu mita kwa sekunde. Kanuni ya pili ya Newton ni kugawa tu, nguvu iliyobaki kwa tungamo, unapata mchapuko, yaani kasi inayoongezeka kila sekunde. Fungua mfuko wa ng'ombe: ardhi inamsukuma mbele kwa 600, gari linamvuta nyuma kwa 450, ile ile iliyoandikwa upande wa gari, haikupungua hata moja. Inabaki 150 mbele. Gawa kwa kilo 300: nusu mita kwa sekunde kila sekunde. Mchapuko mmoja, kama inavyopasa kwa waliofungwa pamoja. Nguvu ya ng'ombe kwa gari na ya gari kwa ng'ombe zimelingana tangu mwanzo hadi mwisho, na wote wawili wameondoka.

Umeona siri iko wapi? Aliyewapeleka mbele ni ardhi. Ng'ombe na gari wakihesabiwa kuwa kitu kimoja, mivutano yao ya ndani inafutana kama ya mvuvi na mlingoti wake, na kinachobaki kutoka nje ni ardhi na kwato kwa 600 na wapinzani kwa 200. Mia nne kwa kilo 800. Tena nusu. Hesabu ikikubali kwa njia mbili, mtu hulala vizuri.

Ukitaka kuhakikisha kuwa ni ardhi, subiri masika. Njia ya udongo ikishakuwa tope, ng'ombe yule yule na gari lile lile, kwato zinateleza. Misuli iko, lakini hapana cha kusukumana nacho. Tuseme tope haliwezi kurudisha zaidi ya nyutoni 150. Hizo hazifiki hata 200 za wapinzani, basi gari halitoki. Kanuni ya tatu haikuvunjika. Ng'ombe na gari bado wanavutana sawa kwa sawa, tena hawaondoki. Kwa hiyo kulingana kwa nguvu zile mbili hakusemi lolote kuhusu kuondoka au kutoondoka.

Baada ya sekunde mbili gari lina kasi ya mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Hapo ng'ombe analegeza. Sasa inatosha alivute kwa 200 tu, sawa na wapinzani. Jumla kwenye mfuko wa gari ni sifuri na gari linaendelea na mita yake moja kwa sekunde. Ndiyo maana ng'ombe huinama mwanzo na kisha akanyanyua kichwa akatembea. Kuondoka ni ghali, kuendelea ni nafuu.

Na ile hesabu niliyokuahidi: gari linakwenda mita moja kwa sekunde, limeachwa peke yake, wapinzani 200 wanalivuta nyuma. Gawa 200 kwa kilo 500, linapoteza mita 0.4 kwa sekunde katika kila sekunde. Litasimama baada ya sekunde mbili na nusu, likiwa limekwenda mita moja na robo. Hatua mbili! Hukukosea kuona, mwanangu. Macho yako yalikuwa sahihi kabisa. Hata bila ya ng'ombe kuwa breki, gari la mchanga kwenye njia ya mchanga halina pa kwenda. Tia grisi, jaza tairi, lipeleke kwenye lami, wapinzani wakashuka mpaka 50, litakwenda mita tano. Ni gari lile lile.

Kuvuta kamba nako watu hukudanganyikia. Timu mbili, kamba moja, na mtangazaji anapiga kelele kuwa hawa wana nguvu zaidi ya wale. Kamba yenyewe ni nyepesi, haiwezi kuwavuta hawa kwa nyingi na wale kwa chache. Inavuta pande zote mbili kwa kiasi kile kile. Wanaoshinda ni wanaosukumana na ardhi zaidi: wenye miili mizito, waliojilaza nyuma, waliochimba visigino. Wapeleke mabingwa hao wacheze juu ya sakafu iliyomwagwa maji ya sabuni na wapinzani wao wasimame kwenye mchanga mkavu, uone ubingwa unavyohama.

Mtego mmoja wa mtihani, nao naufupisha kwa kuwa umeshapata ufunguo. Nazi imetulia juu ya meza. Dunia inaivuta chini, meza inaisukuma juu, zimelingana. Je, hizo ndizo jozi ya kanuni ya tatu? Wengi huandika ndiyo. Daftari nyingi nimezichora msalaba hapo. Tumia sharti letu la mtoaji na mpokeaji: zote mbili zinaipata nazi, zimo kwenye mfuko mmoja, basi si jozi. Jozi ya "dunia inaivuta nazi" ni "nazi inaivuta dunia". Ndiyo, nazi inaivuta dunia yote kuelekea juu, kwa nyutoni kumi na kitu zile zile. Dunia haionekani kushituka kwa sababu ya tungamo lake. Gawa kumi na kitu kwa kilo zenye sifuri ishirini na nne nyuma ya sita, uone kinachobaki. Na jozi ya "meza inaisukuma nazi" ni "nazi inaisukuma meza". Zile mbili za kwanza zinalingana kwa sababu nazi imetulia. Jozi za Newton zinalingana hata nazi ikiwa inaanguka kutoka juu ya mnazi, maana hata hapo dunia na nazi bado wanavutana.

Kwa kuwa hukuamini kwa maneno, usiniamini na mimi. Tafuta mizani mbili za ndoano, zile za kuning'iniza wanazopimia samaki. Funga moja baina ya kamba na kiroba kilichotiwa mchanga juu ya kibao, ukivute sakafuni, na umtazamishe mdogo wako mshale: kilo ngapi wakati wa kuondoka, na ngapi kinapokwenda kwa mwendo mmoja. Zidisha kwa kumi upate nyutoni. Kisha mwaga poda chini ya kibao urudie. Mwisho, pachika ndoano ya mizani moja kwenye ndoano ya nyengine, wewe ushike huku na babu ashike kule, mizani zimelala sawa na sakafu, mvutane. Mwambie babu avute kwa ukali na wewe uvute kwa upole, kisha msome mishale kwa wakati mmoja. Niandikie mlichokiona. Moja ikisoma zaidi ya mwenzake, badilishaneni upande mrudie. Na ikiwa mizani ile ile ndiyo inayozidisha kila mara, mrudishie muuza samaki, umuulize imekuwa ikizidisha tangu lini.